Tusijitumbukize kwa mikono yetu: dawa imo ndani ya aya ileile



Ndugu Waislamu, tumezoea kuandika na kusoma habari za wanaotudhulumu, na ni haki ziandikwe. Lakini yuko dhalimu mmoja ambaye humpelekei barua ya malalamiko wala humfungulii kesi, kwa sababu analala kitandani mwako na anavaa kanzu yako. Huyo ni wewe mwenyewe unapoihujumu nafsi yako. Qur'an ina jina la jambo hili: kuidhulumu nafsi. Wazee wetu Adam na Hawwa (a.s.) walipoteleza, ni kweli kwamba Ibilisi ndiye aliyewadanganya, lakini katika toba yao hawakumtaja kabisa. Walikiri mbele ya Mola wao kuwa wao ndio waliozidhulumu nafsi zao (7:23).

Nitolee mfano wa hapa Igowole, wilayani Mufindi, ninakoishi na kusomesha. Ukiiacha barabara kuu ya Zambia pale Nyololo na kushika njia ya kwenda Kibao, utaona pande zote chai, viazi na miti ya paini. Paini ndiyo benki ya watu wa huku. Mtu hana pensheni, lakini ana ekari mbili za miti aliyorithi kwa baba yake. Sasa mti huu, ili utoe mbao ya maana, unahitaji miaka kama 18 hadi 25. Kijana anauuza ukiwa na miaka minane. Simsemi yule aliyeuguliwa na mama yake au aliyebanwa na ada ya shule. Huyo ana udhuru wake. Namsema yule ambaye hakubanwa na chochote. Anauza kwa bei ya kutupa, fedha inakwisha katika wiki tatu, na msimu wa ulanzi ukifika anakuwa mteja wa kwanza kilabuni.

Nyinyi mlioko Kariakoo, Mwanjelwa au Tanga msicheke. Kwenu hakuna paini, lakini kuna mtaji wa duka unaoliwa na mikeka ya kubeti, kuna mkopo wa kausha damu uliochukuliwa kwa ajili ya sare ya harusi, na kuna mume anayeharibu kwa ulimi wake nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi. Mti ni uleule, unakatwa kabla ya wakati.

Ukikaa na kijana kama huyu, hutasikia kiburi. Utasikia maneno haya: "Ustadhi, mimi nimeshaharibika." Swala ameacha kwa sababu alizikosa nyingi. Msikitini haji kwa sababu watu wanajua anakunywa. Kwa kuwa amejihukumu kuwa ni mbovu, kila jema linalomjia analiharibu, maana anaona si saizi yake. Tukimtazama kwa nje tunasema mvivu, mlevi, hana akili. Ukweli ni kwamba amekata tamaa, na kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu (s.w.) ni msiba mkubwa kuliko ulanzi wenyewe.

Hebu sasa tuitazame aya ya 195 ya Surat al-Baqara. Wengi tunaijua sehemu yake ya katikati tu, ile inayokataza watu kujitumbukiza katika maangamizi kwa mikono yao. Tunaitumia kumwonya dereva wa bodaboda asiyevaa kofia ngumu. Si vibaya, lakini tusome aya nzima. Inaanza kwa kuamrisha kutoa katika njia ya Allah. Kisha linakuja katazo hilo. Kisha inaamrisha kufanya wema na kutujulisha kuwa Allah anawapenda wafanyao wema. Maangamizi yamewekwa katikati; mbele yake kuna kutoa, nyuma yake kuna kutenda wema.

Masahaba walielewa vipi? Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) aliwasahihisha watu waliodhani aya inamzungumzia shujaa anayewaingilia maadui peke yake. Akawaeleza kuwa iliteremka kuhusu wao Ansari, Uislamu ulipopata nguvu wakanong'onezana kwamba sasa warudi kukarabati mashamba na mali zao. Maangamizi yalikuwa kujikunja na kujishughulikia wenyewe tu. Naye al-Baraa bin Azib (r.a.) alipoulizwa, akasema ni mtu anayefanya dhambi kisha akasalimu amri, akidai kwamba hana tena toba. Yaani ni yule kijana wetu wa paini! Swahaba alimwona zaidi ya miaka 1,300 iliyopita.

Basi kama ugonjwa umetajwa katikati ya aya, dawa nayo iko ubavuni pake. Mtu anayejihujumu humwambii aanze na mambo makubwa. Ukimwambia leo aswali tahajjud, aache ulanzi, alipe madeni na apande ekari tano, utakuwa umempa sababu ya kushindwa kufikia Ijumaa, na kushindwa huko kutamthibitishia kile alichokuwa akijidhania. Mpe jambo dogo linalomhusu mtu mwingine. Amchotee maji bibi kizee jirani. Aondoe gogo lililoanguka njiani. Amwamkie "Kamwene" mzee Mkristo anayepita kila asubuhi, kwa uso mkunjufu. Mtume (s.a.w.) alikataza kudharau wema wowote, hata huo wa kukutana na nduguyo kwa uso wa bashasha. Na alitusimulia habari ya mtu aliyekuta tawi la miiba njiani akalisogeza, na Allah akamlipa kwa kumsamehe. Tawi moja tu!

Mtu aliyejihukumu kuwa ni mbovu hashawishiki kwa hotuba, kwa sababu hotuba anazijua. Anahitaji ushahidi. Mkono uleule uliouza miti na kushika kata ya ulanzi leo umebeba ndoo ya bibi, na bibi kamwombea dua. Hiyo dua haikutoka katika fikra zake, ameisikia kwa masikio yake. Kesho akitaka kusema "mimi sifai", kuna jambo linalompinga. Bi Aisha (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume kwamba amali apendazo zaidi Allah ni zile za kudumu hata zikiwa chache. Tuzingatie neno kudumu. Ndoo moja kila siku kwa mwezi inamfaa zaidi kuliko mapipa kumi siku moja kisha basi.

Lakini isije ikafahamika kuwa ndoo ya maji inafuta wajibu wa swala. Swala tano ziko palepale, na toba ina masharti yake. Wema mdogo unamrudisha mtu mlangoni, kisha aingie mwenyewe.

Upande wa pili ni shukrani. Imam al-Ghazali (r.h.) aliieleza kuwa ina sehemu tatu: kuijua neema na Mwenye kuitoa, hali ya moyo inayotokana na ujuzi huo, na amali. Wengi wetu tunaishia kwenye "alhamdulillah" ya mdomoni. Anayejihujumu hana habari na neema alizonazo. Anahesabu alichopoteza tu. Kila usiku baada ya Isha na ataje neema tatu za siku ile, kwa majina. Asitaje "uhai na afya" kwa jumla, ataje ugali aliokula na nani kaupika. Kisha amshukuru mpishi, kwani asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Hilo lipo katika Hadithi. Nyumba ngapi za Waislamu mke anapika miaka ishirini hajasikia ahsante?

Na hapa jambo hili linakuwa la kufa na kupona. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kuwa katika mkoa wetu wa Iringa, watu wazima wapatao 11 katika kila 100 wanaishi na virusi vya UKIMWI, wakati wastani wa nchi ni kama wanne. Katika safu zetu za swala wamo. Dawa hutolewa bure, na anayezimeza ipasavyo anaishi, analima na analea. Lakini wapo wanaoziacha. Hawaziachi kwa kuwa wamepona. Wanaziacha kwa aibu, au kwa kudhani kuwa hiyo ni adhabu yao na wanastahili. Huko ni kujitumbukiza kwa mkono wako, kwa maana halisi kabisa ya aya. Kumeza kidonge kwa Bismillah na kumshukuru aliyekileta ni ibada. Na anayemsindikiza nduguye kliniki bila kutangaza mtaa mzima, amefanya ule wema uliotajwa mwishoni mwa aya.

Sisi wa msikitini nasi tuna sehemu yetu. Zama za Mtume (s.a.w.) mtu mmoja aliletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani. Mtume akakataza, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Adhabu ilitekelezwa, lakini jina lake halikuchafuliwa. Sisi hatuna hata hiyo mamlaka ya kuadhibu, ila ndimi zetu kwenye baraza ni kali kuliko bakora. Kijana akirudi Ijumaa moja baada ya miezi sita, anasikia, "Leo jua limechomoza magharibi!" Hapo nani amemsaidia shetani?

Jambo jingine: kushukuru si kunyamazia dhulma. Mkulima wa viazi anayelazimishwa lumbesa na mchuma chai anayepunjwa kwenye mizani wana haki ya kudai, na Surat al-Mutaffifin iko upande wao. Ashukuru alichopata na adai alichopunjwa, kwa ulimi uleule. Tena anayejiona ana thamani ndiye anayeweza kudai. Aliyejidharau huchukua anachotupiwa.

Kwa vijana wa hapa, baada ya darsa ya Jumamosi huwa tunaanza na mche mmoja. Hatuanzi na ekari. Mtume (s.a.w.) aliagiza kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Mvua za Disemba ndizo nzuri kwa kupanda huku kwetu. Aupande kwenye kiwanja cha mtu mwingine, mjane au yatima, ili asipate nafasi ya kuuuza ukiwa na miaka minane.

Wabillahi tawfiq.