Je, Chema Chajiuza?

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewatia haya watu wengi hodari, nayo imewapa wavivu kisingizio cha kukaa kimya. Je, msomaji, ni aibu mtu kusimama mbele ya wenziwe na kuitangaza kazi ya mikono yake? Swali hili si la wachuuzi peke yao. Litakufika wewe pia, siku utakapokuwa na jambo jema ambalo watu hawajalijua.

Na tulipime kwa mfano wa mwandishi aliyetoa riwaya yake ya kwanza, riwaya ya majoka, uchawi na nchi zisizokuwako. Wapenzi wa hadithi za ajabu huko Ulaya na Marekani wana desturi ya kukutana. Mnamo Januari 1937 watu wapatao 20 walikusanyika mjini Leeds, Uingereza, kuzungumza juu ya hadithi za sayansi. Miongoni mwao alikuwako kijana Arthur C. Clarke, ambaye baadaye alipata sifa kubwa, lakini wakati ule hakuwa na kitabu hata kimoja. Tangu hapo mikutano ya jinsi hiyo imekuwa mingi. Mingine hukusanya maelfu, mingine watu wachache wanaojuana kwa majina. Katika mkutano mdogo mwandishi mgeni hupewa meza, akapanga vitabu vyake, akangoja wapitao.

Akinyamaza, nani atajua? Embe lililoiva hujitangaza kwa rangi na harufu, lakini kitabu kilichofungwa hakitoi harufu ya yaliyomo. Methali yetu yasema kweli juu ya kitu kilichokwisha kuonjwa. Kitabu cha kwanza hakijaonjwa, wala mwenyewe hana jina la kumtangulia. Basi kusema kwake si majivuno. Ni kufungua mlango ili watu waone ndani.

Christopher Paolini wa Marekani alianza kuandika riwaya yake ya kwanza, Eragon, akiwa na umri wa miaka 15. Mwaka 2002 wazazi wake waliichapisha wenyewe. Kijana huyo akazunguka katika shule, maktaba na maduka ya vitabu, amevaa mavazi ya Ulaya ya kale, akatoa mazungumzo zaidi ya 100. Mtoto wa kambo wa mwandishi Carl Hiaasen aliisoma nakala moja huko Montana, akaipenda mno, naye Hiaasen akawaarifu wachapishaji wake. Mwaka 2003 Knopf wakaitoa upya, ikaenea duniani. Kitabu kilijiuza, lakini baada ya kutembezwa. Na vazi lile halikumdanganya mtu, maana kila aliyeliona alijua kuwa ni vazi la mchezo.

Walakini ruhusa hii ina mpaka. Ndani ya kitabu mwandishi aweza kusema kwamba majoka huruka na milima hunena, wala hakuna atakayemwita mwongo, kwa kuwa msomaji amekubali mchezo huo kabla ya kuufungua ukurasa wa kwanza. Mezani hakuna mapatano ya namna hiyo. Akidai kwamba kitabu chake chavipita vyote, au akiwapanga rafiki zake wakisifu hali hawajakisoma, anambunia hadithi mtu aliyekuja kuuliza kweli. Ruhusa ya kubuni yaishia kwenye jalada.

Tena liko jambo la pili, nalo huzidi kadiri mkutano unavyokuwa mdogo. Penye watu elfu, mtu hupita bila kutazamwa; penye watu 50 wanaojuana, huona haya kukataa. Mwandishi akiitumia haya hiyo, atapata fedha asipate msomaji, na kitabu chake kitalala rafuni bila kufunguliwa. Watu wale wamekusanywa na mapenzi ya hadithi. Akiwafanya kuwa mifuko ya fedha tu, ameliharibu lile lile lililomleta kwao.

Huenda ukauliza: je, msema kweli hatashindwa na mwenye kujigamba wa meza ya jirani? Yawezekana akashindwa siku hiyo, akarudi kwao na sanduku zito na mkoba mwepesi. Uadilifu haulipi nauli, nami sikufichi hasara hiyo. Lakini nakala tano zilizonunuliwa na watu walioambiwa kweli zitasomwa, na msomaji aliyekikuta kile alichoahidiwa huwa mtangazaji asiyedai ujira.

Basi nawe, mwanafunzi, usijifiche nyuma ya methali. Siku utakapoomba kazi, au utakapotaka shauri lako lisikizwe, simama useme ulichokifanya na namna ulivyokifanya, bila kukipunguza wala kukiongeza. Wape watu nafasi ya kukionja. Kisha nyamaza, na yule atakayekataa umwache aende zake kwa amani.