Muhuri na Dhamiri

Juzi kijana wetu mmoja aliyeajiriwa na serikali hapa Garissa aliniuliza, "Pasta, siku nikiambiwa nisajili ndoa ya wanaume wawili, nifanye nini?"

Nikamjibu kwamba Katiba yetu, kifungu cha 45, inampa mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hivyo siku hiyo haijafika. Akaenda. Lakini mimi usiku sikulala vizuri, manake nilikuwa nimelikwepa swali.

Mwaka 2015 kule Kentucky, Marekani, Kim Davis, Mpentekoste, karani wa kaunti ya Rowan, alikataa kutoa leseni za ndoa baada ya ndoa hizo kuhalalishwa. Akazuia za watu wote, hata za mume na mke. Alikaa jela siku 5. Mimi nilimshangilia.

Hapa kwetu, Februari 2023, Mahakama ya Juu ilisema, majaji 3 kwa 2, kwamba bodi ya serikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea mashoga na wasagaji. Hapo nilikasirika, na najua si mimi peke yangu.

Sasa hebu tuangalie mezani kwetu. Hapa Garissa, anayeshika muhuri mara nyingi ni ndugu Mwislamu. Nilipopeleka makaratasi ya ploti ya kanisa, mzee mmoja wa Kisomali alilisoma neno "kanisa" mara mbili. Tunayohubiri juu ya Yesu, kwake ni kufuru. Akauliza, "Mmelipa?" Nikasema, "Ndiyo, mzee." Akagonga muhuri. Angefuata dhamiri yake tu, tungekuwa tunaabudu chini ya mwarobaini mpaka leo.

Nikamwita tena yule kijana. Nikamwambia: Danieli alikataa, lakini aliyetupwa shimoni ni yeye mwenyewe. Mwanangu, muhuri ukikuchoma mkono, mwombe mkubwa wako mapema akupe meza nyingine. Akikataa, acha kazi. Usikae kwenye kiti unakula mshahara huku unamrudisha mwananchi nyumbani bila huduma.

Akaniangalia. "Na watoto, pasta, watakula nini?"

Hilo sikuwa na jibu lake. Ni rahisi kupiga amina mtu mwingine akijiuzulu. Nimeliweka kwa ajenda ya wazee, Jumatano saa kumi na moja jioni.