Ufunguo Chini ya Zulia la Ngazi

Je, binadamu anaweza kujua kwa yakini ya kutosha kumnyonga mwenzake kwa hukumu? Naona jibu lililo wazi zaidi katika Dial M for Murder, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1954, ambayo watu huisifu kwa hila zake tu. Frederick Knott aliiandika kwanza kuwa tamthilia, ikachezwa London mwaka 1952, kisha yeye mwenyewe akaitungia mswada wa filamu. Tony Wendice, mchezaji wa tenisi aliyestaafu, anautamani utajiri wa mkewe Margot, na anajua kwamba mke huyo amependana na Mark Halliday, Mmarekani anayetunga hadithi za uhalifu. Kwa vitisho na pauni 1,000 anamsukuma mhalifu aitwaye Swann amnyonge Margot usiku. Margot anajitetea kwa mkasi, na anayekufa ni Swann. Papo hapo Tony anageuza shauri: ikiwa muuaji wa kukodi ameshindwa, basi serikali na imalize kazi. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa jambo ambalo Swann alilijaribu kwa mtandio na lile ambalo sheria inakusudia kulifanya kwa kamba, na katika kisa hiki matendo hayo mawili yanatoka katika nia moja, ya Tony.

Jinsi Margot anavyotiwa hatiani ndipo penye uzito wote. Tony anatia barua ya Mark mfukoni mwa maiti, ionekane kwamba Swann alikuwa akimtoza Margot fedha asimfichue. Anauondoa mtandio na kuweka soksi ya hariri ya Margot. Inspekta Mkuu Hubbard anapofika, hafanyi uzembe wala hana chuki. Anatazama viatu vya Swann, anatambua kuwa hakupitia bustanini bali mlango wa mbele; mlango haukuvunjwa, kwa hiyo yupo aliyemfungulia; na ndani alikuwamo Margot peke yake. Kila hatua ya fikra yake inafuata iliyotangulia, lakini mwisho wake ni uongo mtupu. Kesi yenyewe Hitchcock anaipitia upesi mno. Hatuoni ukumbi wa mahakama. Tunauona uso wa Margot tu, mbele ya rangi zinazobadilika, na kusikia sauti zikimhukumu. Kukata huku naona ni kwa haki, kwani ushahidi ulikuwa umekwisha kushikana na hakuna wakili ambaye angepata pa kuupenyea.

Atakuja mtu aniambie kwamba filamu yenyewe inanipinga, maana Hubbard huyohuyo ndiye anayemwokoa. Ni kweli anamwokoa, lakini tuangalie kwa kitu gani. Swann, baada ya kufungua mlango kwa ufunguo wa Margot ambao Tony alimfichia, aliurudisha chini ya zulia la ngazi badala ya kuutia mfukoni. Tony hakulijua hilo, akautoa mfukoni mwa maiti ufunguo wa nyumba ya Swann mwenyewe, akidhani ni wa Margot, na kuutia katika mkoba wa Margot; Hubbard akagundua kwamba ufunguo huo haufungui mlango wa Margot. Uhai wa mtu asiye na kosa umening'inia kwenye mazoea ya mkono wa mhalifu. Angeutia mfukoni, Margot angezikwa na mafaili yangefungwa kwa amani. Tena, siku moja kabla ya kunyongwa, Mark anamwendea Tony na hadithi aliyoibuni, akimsihi aikiri kwa uongo ili mkewe apone: kwamba yeye ndiye aliyemkodi Swann. Mark anaomba uongo, kumbe ameutamka ukweli wenyewe, na hajui.

Wengine watasema huo ni mchezo tu. Lakini London hiyohiyo, Machi 1950, Timothy Evans alinyongwa kwa kumuua mtoto wake. Shahidi mkuu dhidi yake alikuwa John Christie, jirani aliyekaa nyumba moja naye, na mwaka 1953 maiti za wanawake zikagunduliwa katika makazi ya Christie huyo.

Pingamizi zito zaidi ni la dini, kwamba vitabu vitakatifu vimeruhusu uhai kwa uhai. Silikatai. Ila ruhusa hiyo haikuja peke yake. Torati imedai mashahidi wawili au watatu, na mikono yao iwe ya kwanza kurusha jiwe. Mafakihi wa Kiislamu wameshikilia kanuni kwamba adhabu za hudud huondolewa penye shaka, na katika kisasi Kurani imewafungulia ndugu wa marehemu mlango wa kusamehe. Anayeichukua adhabu na kuyaacha masharti hajaitii dini. Mahakama ya Margot haikuwa na shahidi hata mmoja aliyeona. Ilikuwa na soksi, barua na mlango.

Na akisema mtu kwamba kifungo nacho humdhulumu asiye na hatia, nitakubali, kwa huzuni. Tofauti ni kwamba mfungwa yupo, na anaweza kuitwa jina lake akaitika. Mwaka 1965 mifupa ya Evans ilifukuliwa katika gereza la Pentonville ikazikwa upya katika makaburi ya Wakatoliki, Leytonstone. Msamaha wa kifalme ulifika mwaka uliofuata.