Kigugumizi, Hiari na Lawama

Mwenye kigugumizi huweza kuimba kwaya Jumapili pale Buhongwa bila kukwama hata silabi moja, kisha akipanda daladala la kwenda mjini akashindwa kumwambia konda kwamba anashuka Mkolani. Hapo hukumu huanza: mbona kanisani aliweza? Huyu atasema anajiendekeza, yule atasema ana pepo. Hukumu hizo hutoka shina moja, yaani imani kwamba kinachokuja na kuondoka lazima kiwe na anayekileta, ama mtu mwenyewe ama kiumbe kingine. Imani hiyo haina msingi.

Kigugumizi huanza aghalabu kati ya miaka 2 na 5. Huwapata takriban watoto 5 katika kila 100, na wengi hukiacha wakikua; watu wazima wanaobaki nacho hukadiriwa kuwa 1 katika 100, wengi wao wanaume. Hutembea katika ukoo, na mwaka 2010 mtafiti Dennis Drayna na wenzake nchini Marekani walitangaza mabadiliko ya jeni waliyoyakuta katika familia za Pakistan. Kweli, jeni haibadiliki njiani kutoka kanisani hadi kituoni. Inayobadilika ni kazi inayoukabili ubongo. Katika wimbo, mapigo na maneno vimepangwa tayari, na sauti za wenzako zinakubeba. Kwa konda, jina la kituo halikwepeki, gari halisubiri, na abiria wamekugeukia. Pumu nayo hubana usiku ikaachia mchana, wala hakuna anayesema mgonjwa amependa.

Ataniuliza mtu: kama hiari haihusiki, mbona mazoezi husaidia, na wengine hufunguka wakiombewa? Mazoezi humfundisha mtu namna nyingine ya kutamka. Hayathibitishi kwamba jana alikwama kwa kutaka. Na maombi sina ugomvi nayo. Ila mtoto wa miaka 4 aliyeombewa huenda angeacha kigugumizi vivyo hivyo, na asiyeacha asidaiwe upungufu wa imani. Musa alipolalamikia ulimi wake mzito, Kitabu cha Kutoka hakisemi alitolewa pepo wala aliambiwa ajikaze. Alipewa Haruni amsemee. Na katika Kurani, anayemdharau Musa kwa usemi wake ni Farao. Basi wewe konda, nawe abiria wa siti ya jirani, msimmalizie neno. Mngojeni aseme Mkolani mwenyewe.