Mwako wa Angani na Jina la Jirani



Nakuandikia hasa wewe uliyeko Mazwi, mjini Sumbawanga, na wewe uliyeko vijijini katika nyanda za juu za Ufipa, kwani jambo nitakalolieleza hukugusa kila mwaka mvua zinapoanza kunyesha mwezi wa Novemba. Lakini yanilazimu nianze mbali, pwani ya Kenya, na juu ya pwani hiyo, angani. Nakuomba uwe na subira. Safari yetu itarudi Ufipa.

Kaskazini ya Malindi, mahali paitwapo Ngomeni, Waitalia walisimamisha baharini majukwaa ya chuma yenye miguu mirefu, na kutoka hapo vikarushwa vyombo kadhaa vya angani baina ya mwaka 1967 na mwaka 1988. Kimoja, kilichokuwa cha Wamarekani, kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala kwake, nacho kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hicho ndicho chombo cha kwanza kuwekwa angani kwa kazi moja tu ya kuzipima eksirei zitokazo kwenye nyota. Eksirei hizo hazitufikii sisi tulio chini, kwa sababu hewa huzizuia (na hii ni rehema kubwa, ingawa wachache wetu huikumbuka tunapohesabu neema). Basi ikabidi darubini ipelekwe juu ya hewa. Uhuru ilijizungusha polepole, mara moja kwa muda wa dakika kumi na mbili hivi, ikilipapasa anga ukanda baada ya ukanda, na katika orodha yake ya mwisho viliandikwa vyanzo 339.

Majukwaa yale hayarushi tena kitu, lakini kituo cha nchi kavu hapo Malindi kiliendelea na kazi ya kuzungumza na vyombo vilivyoko angani. Mwaka 1996 ilirushwa kutoka Marekani darubini ya Waitalia na Waholanzi iitwayo BeppoSAX, na Malindi ndipo palipokuwa mahali pake pa kushushia mzigo. Chombo hicho kiliizunguka dunia kwa dakika 96 hivi, katika njia iliyo karibu sana na ikweta, kimo cha kilomita 600 hivi. Kila kilipopita juu ya Malindi, kituo kilikuwa na dakika kumi tu, au pungufu ya hapo, za kupokea yote yaliyohifadhiwa tangu mapito yaliyotangulia na kukipa chombo amri mpya. Kisha kikatoweka upande wa mashariki, na habari zikapelekwa Roma, ambako watu wa zamu walikaa usiku na mchana kuzisoma. Ndivyo ilivyokuwa mara kumi na nne hivi kila siku, kwa miaka sita. Hata wewe wa Ufipa ulikuwa jirani wa kazi hiyo bila kujua, kwa maana katika kila mapito yake chombo hicho kilikatiza juu ya upeo wa macho wa kaskazini mwa Sumbawanga.

Kazi ya namna hiyo haisisimui. Sehemu kubwa yake ni kungoja, kupokea, kuandika na kulinganisha. Nimeitaja kwa urefu kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyojibu swali lililowashinda wataalamu kwa miaka thelathini, na namna walivyolichukua swali hilo ndiyo ninayotaka uione.

Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilipatana kwamba hazitajaribu tena mabomu ya nyuklia hewani, baharini wala angani. Marekani haikuridhika na ahadi peke yake. Ilipeleka juu, zaidi ya kilomita 100,000 kutoka duniani, vyombo vya ulinzi vilivyoitwa Vela, ili kama adui angelipua bomu kwa siri, miale ya gama ya mlipuko huo ionekane. Tarehe 2 Julai 1967 vyombo viwili vikaona mwako wa miale ya gama.

Simama hapa, ndugu msomaji, ufikirie. Ulikuwa wakati wa uadui mkali. Chombo kilikuwa kimewekwa mahususi kumnasa adui, na adui alikuwa anajulikana kwa jina. Mwako ukatokea. Je, ilikuwa vigumu kiasi gani kusema, “Ni yule”? Watazamaji wa Los Alamos hawakusema hivyo. Walitazama umbo la mwako wenyewe, wakaona haufanani na wa bomu. Wakangoja vyombo vingine bora vipelekwe, na miako mingine ikaonekana. Kwa kuwa vyombo vilikuwa mbalimbali, mwako ulifika kwa kimoja sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kufika kwa kingine, na kutokana na tofauti hiyo wakaweza kukokotoa umetoka upande gani. Matokeo yakawa kwamba haukutoka duniani, wala haukutoka kwenye jua. Mwaka 1973 walitangaza miako kumi na sita, na walipoulizwa imetoka wapi hasa, jibu lao lilikuwa kwamba hawajui.

Miaka ikapita. Dhana zilizotolewa zilizidi mia moja. Kisha tarehe 28 Februari 1997 BeppoSAX ikauona mwako mmoja, na kamera yake ikaonyesha ulipo. Wale wa zamu waliposoma habari iliyopokewa Malindi, waliamuru darubini igeuzwe, na saa nane hivi baada ya mwako kutokea ikawa inatazama mahali pale kwa chombo chake chenye kuona vizuri zaidi. Wakakuta kitu kinang'aa kwa eksirei. Hawakutosheka. Siku chache baadaye wakatazama tena mahali pale pale, na mng'ao ule ulikuwa umefifia sana. Ndipo walipokuwa na hakika kwamba ni majivu ya moto ule ule. Darubini za duniani zikaelekezwa huko, na mwako mwingine wa mwezi Mei mwaka huo ukapimwa umbali wake: mabilioni ya miaka ya mwendo wa nuru. Ile iliyodhaniwa kuwa huenda ni bomu la jirani ilikuwa ni vifo vya nyota katika pembe za mbali za ulimwengu. Darubini iitwayo Swift, iliyorushwa mwaka 2004 na ambayo nayo ilitegemea kituo cha Malindi, imeona mwako (wa tarehe 23 Aprili 2009) ambao nuru yake ilisafiri miaka bilioni 13 na ushei hata kutufikia.

Sasa turudi Ufipa.

Wenyeji wengi huniambia kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Ni jina zuri, na laiti lingetimizwa. Kwani hebu fikiri: ni mwezi wa Desemba, alasiri, wingu limetanda kutoka upande wa Ziwa Rukwa, na radi inaipiga nyumba. Kijana anafariki. Mwako huo haukuwa mbali mabilioni ya miaka. Umeonekana na kijiji kizima. Kabla maiti haijaoshwa, jina limekwisha kutajwa. Mara nyingi ni jina la mama mzee aishiye peke yake, ambaye macho yake ni mekundu kwa sababu amepika kwa kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha kwa miaka hamsini. Wakati mwingine ni jina la mtu aliyegombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba. Wataalamu walikaa miaka thelathini na mwako wao bila kumtaja mtu. Sisi hatuwezi kukaa na wetu hata usiku mmoja. Na jina likishatajwa, halifutiki. Nyumba huchomwa, watoto hukimbizwa, na wazee katika nchi yetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya maneno yaliyoanza kwa kunong'onezwa matangani.

Tena si wote wanongonao ni watu wasiosali. Hilo ndilo liumizalo zaidi. Mtu anatoka katika sala ya alasiri, ambamo amekiri kwamba hakuna mwenye uwezo ila Mwenyezi Mungu, na kabla hajavaa viatu vyake anakubali kwamba ajuza asiyeweza kuinua ndoo ya maji ameiinua radi.

Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alifiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim, katika mwaka wa kumi wa Hijra, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto yule. Angalia kwamba maneno hayo hayakuwa ya kumtuhumu mtu. Yalikuwa ya kumtukuza yeye na mwanawe. Na moyo wake ulikuwa na majonzi. Hata hivyo hakuyaacha yapite. Aliwafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu, na kwamba havifungamani na kufa wala kuishi kwa mwanadamu yeyote. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, je, wingu la Ufipa litapokea amri kutoka kwa mtu aliyenyimwa nusu eka ya mahindi?

Ipo katika Kurani Tukufu sura ya kumi na tatu, ambayo jina lake ni Radi, nalo ndilo neno lile lile tunalolitumia sisi. Humo radi imetajwa miongoni mwa vitu vinavyomtii Mungu na kumsifu, wala hakupewa mwanadamu hisa yoyote ndani yake. Na katika Sura Hujurat waumini wamefundishwa kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi, na wameonywa juu ya dhana mbaya. Wale watazamaji wa Vela huenda hawakuisoma sura hiyo maishani mwao, lakini waliitenda. Wanafunzi wangu huku ughaibuni hunichekea ninaposema hivi, wakidhani natania. Sitanii.

Huenda utasema, “Bwana mwalimu, wataalamu wanasema radi yatoka katika mawingu, nawe wasema yatoka kwa Mungu. Tushike lipi?” Shika yote mawili. Hewa yenye joto na unyevu hupanda. Nchi yako imeinuka kiasi cha mita 1,800, baina ya bonde la Tanganyika na bonde la Rukwa, na hewa ikigonga miinuko hiyo haina budi kwenda juu. Ndani ya wingu vipande vya barafu hugongana, umeme hutengana, na ukizidi hutafuta njia. Ukishuka, hupenda kupitia kilicho kirefu: mti uliosimama peke yake, nyumba iliyo kilimani, mtu aliyesimama shambani. Hiyo ndiyo sheria ya Mungu, na sheria haichagui kwa chuki.

Ushahidi wa hayo nao umetoka angani. Chombo kiitwacho TRMM, kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1997 hadi mwaka 2015, kilikuwa na kamera ya kuhesabu umeme wa mawingu. Kilionyesha kwamba mahali pa pili duniani kwa wingi wa umeme ni Kabare, mashariki ya Kongo: zaidi ya mara 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Pa kwanza ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela, nako huwaka usiku juu ya maji matupu. Samaki wana maadui gani wa kuwatumia radi?

Nimeambiwa pia, “Lakini mganga alitaja jina, na ni kweli walikuwa wamegombana.” Ni nani kijijini ambaye hajagombana na mtu? Muulize mganga kile ambacho Vela iliulizwa: umeonaje, wapi, saa ngapi, na ni shahidi gani mwingine aliyeona hivyo akiwa mahali pengine? Akikosa jibu, jina hilo lisitoke kinywani mwako, wala usikae katika kikao ambacho linatajwa.

Na kwa kuwa mvua hazingoji mwisho wa mabishano, yapo ya kufanywa. Msikiti au shule ikijengwa juu ya kilima, fundi aulizwe mapema juu ya kinga ya radi: fimbo ya chuma juu ya paa, na waya mnene wa shaba ushuke ukutani hadi ndani ya ardhi yenye unyevu. Ngurumo ikisikika, watoto watoke majini na shambani, wala wasikimbilie chini ya mti. Ng'ombe kumi waliosimama chini ya mti mmoja hufa pamoja, kwa kuwa umeme hutambaa ardhini kutoka kwenye shina. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, kwa hiyo aguswe mara moja bila hofu. Ikiwa hapumui, alazwe chali juu ya kitu kigumu, kifua chake kibonyezwe kwa nguvu katikati, kwa haraka, kiasi cha mara mia kwa dakika, wakipokezana watu wawili au watatu bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Wengi waliopigwa na radi huweza kupona wakihudumiwa katika dakika zile za kwanza.