Jina na Fungu

Je, aliyepewa jina amepewa na fungu? Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, na wenzake waliiunda ili ipokee eksirei za nyota, ambazo hewa ya dunia huzizuia. Iliorodhesha vyanzo 339. Giacconi alitunukiwa Nobeli mwaka 2002, naye alistahili.

Malindi ilifaa kwa kuwa i karibu na ikweta. Bukoba na Muleba zi karibu zaidi: huko, mwambao wa Ziwa Victoria, nyota za kaskazini na za kusini huonekana karibu zote katika mwaka mmoja. Mvuvi azitazamaye (nyumbani husema Kihaya) anaijua lugha iliyoipa setilaiti jina. Chombo cha kuzipimia hana. Kumwambia aridhike ni kumshibisha harufu ya pilau. Walioiita Uhuru walikusudia heshima, na heshima ni njema. Ujuzi wabaki ulikotengenezwa. Lenzi mbili na bomba la karatasi zatosha kuanzia, mwanafunzi wa Muleba aione mwenyewe miezi minne ya Mshtarii.