Je, Yafaa Kufurahi Mahali Penye Jina la Huzuni?

Ndugu wasomaji, wako wasemao kwamba kwenda mjini kwa kutazama na kula tu ni kupoteza siku. Sisi hatusemi hivyo, maana macho nayo yahitaji chakula chao. Walakini safari yetu fupi ya Dar es Salaam ilituletea swali, nasi twaona yafaa kuliweka mbele yenu.

Asubuhi tulianzia pwani, penye kanisa la Azania Front, lililojengwa zamani za Wadachi, likamalizika mwaka 1902. Kisha tukafika penye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Chini yake pana maandishi kwa Kiswahili na Kiingereza, ya kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika vita ya 1914 hata 1918. Wapagazi nao wametajwa humo. Lakini aliyewekwa juu, mbele ya macho ya wote, ni askari peke yake.

Jua lilipopanda tulivuka Mnazi Mmoja, tukaingia Kariakoo hali tuna njaa. Mama mmoja muuza chakula akatuambia, "Karibuni, baba zangu." Tukaketi bencini, tukala ndizi kwa nyama na samaki wa kukaanga.

Tulipokuwa tukila, mwenzetu mmoja akauliza kama twajua asili ya jina la mahali hapa. Ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, kama masikio ya watu yalivyolisikia. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi waliwekwa kambini hapa. Wengi katika vita ile walichukuliwa kwa nguvu. Walibeba unga na risasi vichwani, wakafa kwa makumi ya maelfu. Nao waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Mwenzetu akaiacha sahani yake, akasema, "Basi twawezaje kushiba kwa furaha mahali penye jina la watu hao?"

Mwingine akamjibu, "Ndugu yangu, ule usile, wale hawatashiba."

Sisi twaona kila mmoja alishika upande wa kweli. Kufurahi si kosa, wala njaa yetu haiwafai wafu kitu. Kosa ni kulitamka jina kila siku kana kwamba halikuwa la watu. Tena kuwakumbuka wafu peke yake ni kazi nyepesi, kwa kuwa wafu hawatuombi tuwapishe.

Maana saa ile ile kijana mwenye mkokoteni uliojaa magunia alipaza sauti, "Njia, wazee wangu, njia!" Benchi letu lilikuwa limemzuia, nasi tukakunja nyuso. Hapo ndipo aibu ilipotushika. Tuliwahurumia wapagazi wa zaidi ya miaka mia iliyopita, na huyu aletaye unga sokoni leo tulimwona kuwa ni udhia. Tukasogeza benchi, tukamwuliza kama amekula. Akasema, "Bado, wazee, mpaka nishushe mzigo."

Basi, ndugu, mwendapo Kariakoo, tazameni, mle, mfurahi. Ila kabla ya tonge la kwanza ulizeni: chakula hiki kimebebwa na nani, naye je, amekula?